Bahari Iliyopo Kati ya Moshi na Same

Wiki hii nilipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika hapa Same. Niseme ukweli, aliyepanga foleni ni jiwe langu. Mimi nilikaa kivulini pamoja na wenye mawe wenzangu.

Mzee mmoja kutoka Chome hakuweka jiwe. Alikuwa amevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka Burma, kwenye vita kuu ya pili, akaenda moja kwa moja kaunta.

"Shikamoo mzee," alisema muuzaji bila kuinuka. "Sukari hakuna. Nchi iko kwenye vita vya uchumi."

"Marahaba. Vita navijua. Wajapani walikuwa wakizamisha meli zetu, na bado sukari ilitufikia porini, ikidondoshwa na ndege. Sasa kiwanda kiko hapo Moshi. Kutoka Moshi mpaka hapa kuna bahari gani?"

Muuzaji alitazama dari. "Adui ana mbinu nyingi, mzee."

 Mzee alikuwa anatazama nyuki wawili waliokuwa wakizunguka kikombe cha chai cha muuzaji. Alikichukua taratibu, akanywa funda moja, akakirudisha mahali pake. Kisha akasimama wima, akakipigia saluti.

"Adui nimemwona," alisema, akaondoka zake.

Msomaji, sijui kama kuna vita vilivyowahi kupata jeshi tiifu kama sisi. Tulicheka mpaka machozi, halafu kila mtu akakimbilia jiwe lake, maana sasa tulikuwa na hakika kwamba sukari ipo.