Siku Maji Yalipotoka Meupe

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa chuma kirefu kuliko mimi, nikaambiwa nikibebe begani kutoka bohari hadi mtaa wa juu. Kilikuwa ufunguo wa vali. Vali ni mlango wa maji uliofukiwa chini ya barabara: unauingiza ufunguo katika shimo, unazungusha, na mtaa mzima unapata maji au unakauka. Wazazi wetu wote wawili walikuwa wamefariki katika mwaka uleule. Mimi ndiye mkubwa, basi niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu watatu waendelee.

Shefu wa ekipe, yaani mkuu wa kikosi chetu, mzee wa maneno machache, aliniuliza kama najua kusoma. Nikasema kidogo.

"Inatosha. Hapa tunasoma namba za konteri, ile mita ya maji. Mudomo unao?"

Nikasema ninao.

"Basi we utatangulia maji."

Kutangulia maji ilikuwa kazi yenyewe. Bomba likipasuka, tulilitengeneza, tukatia klorini kuua uchafu, kisha tukafungua. Maji ya kwanza hutoka meupe kama maziwa kwa sababu ya hewa iliyobanwa ndani, na hunuka dawa. Hayaui, ila si ya kunywa mpaka yatulie. Kwa hiyo kabla ufunguo haujazungushwa, mtu mmoja alipita kwa miguu nyumba kwa nyumba, kote bomba linakofika, akiwaambia watu. Shefu hakukubali njia nyingine.

"Maji isifike mbele ya habari," alisema. "Mutu akiona kitu hajaambiwa, atajiambia mwenyewe."

Nilifanya kazi hiyo Kanyosha, nikapelekwa bandarini kuhudumia bomba la maghala, nikarudishwa kwenye mitaa yangu miwili ya Kanyosha, wa juu na wa chini. Shefu alistaafu, akaja fundi mkuu kutoka ofisini, kijana wa haraka aliyevaa saa kubwa. Mitaa hiyo ilitenganishwa na korongo lenye daraja dogo la miguu. Bomba lilikuwa moja. Mimi nilikaa mtaa wa juu na Zuhura, dada yangu mdogo.

Kisha ukaja ule wakati. Watu waliouziana nyanya na kuzikana walianza kuhesabiana: huyu wa upande huu, yule wa upande ule. Sitaandika majina ya pande. Aliyekuwapo anayajua. Usiku kila mtaa ulilinda zamu, na asubuhi kila mtaa ulisimulia kile ambacho mwingine ulikuwa umepanga. Daraja likabaki karibu bila wapita njia.

Katika wiki hizo bomba likapasuka. Tulilitengeneza, na fundi mkuu akanituma nitangulie maji. Nilipita mtaa wa juu wote, mlango kwa mlango. Karibu na korongo mwanamume mmoja akaniambia vijana wa chini wameziba daraja kwa mawe na wanapiga anayevuka. Sikwenda kutazama. Niligeuka.

Fundi mkuu aliuliza kama nimetangulia pande zote. Nikasema ndiyo. Akauzungusha ufunguo.

Haikupita saa moja nikasikia kelele kutoka bondeni. Wanawake wa mtaa wa chini walikuwa wamefungua bomba la umma, yakatoka meupe, yananuka. Kisha mtu akatazama ng'ambo ya korongo akaona kwamba asubuhi ile hakuna hata mmoja wa mtaa wa juu aliyechota. Kweli hawakuchota, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia wasichote. Kwa walio chini maana yake ilikuwa moja tu: wale wanajua, kwa sababu wao ndio waliotia sumu.

Nilipofika, daraja lilikuwa limejaa vijana wa chini wenye mapanga, wakipanda kuja kwetu. Nilijitaja kuwa mtu wa maji. Walinishika shati wakanipeleka mpaka kwenye bomba lao, ambako Mama Esperansi, mwenye kulifungua na kulifunga kila siku, alikuwa amekalia ndoo. Mmoja wao akaniuliza kwa nini wa juu waliambiwa na wao hawakuambiwa.

"Daraja lilikuwa limefungwa," nikasema.

Nikaomba chupa ya kioo. Niliijaza, nikaiinua wote waione. Hewa hutoka polepole. Maji yalianza kung'aa chini, weupe ukapanda juu mpaka ukaisha. Sijawahi kuona chupa ikichelewa hivyo. Yalipotakata nikanywa. Yalichoma koo.

"Sumu ingine inangoja," kijana akasema. "We utakaa hapa. Kama unakufa, tutaona."

Nikakaa juu ya saruji ya bomba. Hapo ndipo nikasikia filimbi kutoka juu: mtaa wangu ulikuwa umepata habari kwamba mimi, Rajabu, nimetekwa, na wao wakaanza kuteremka. Nikaona sasa ni mimi nitakayekuwa sababu ya watu kukatana. Sikuweza kwenda kuwazuia, maana kuondoka kwangu kungekuwa ushahidi.

Mama Esperansi akainuka, akajifunga kitenge vizuri.

"Mi nitaenda kwa Zuhura, awaambie wa juu we ni muzima."

Wakamwambia wa juu watamkata. Akawajibu kwamba hata wao wa chini wangemkata pia, basi ni mamoja, akaenda zake. Hakuwa rafiki mkubwa wa dada yangu. Bomba la chini lilipokauka, alikuwa akichota uani kwetu, na waligombana kila mara juu ya zamu. Lakini mlango aliujua.

Walirudi wawili, wamewapita vijana wa juu waliosimama na mapanga yao upande wa pili wa daraja. Zuhura alipanda kwenye saruji. Alikaa kando yangu, akachukua ile chupa, akanywa iliyobaki. Tukakaa hivyo hadi alasiri. Vijana wa pande zote wakachoka, wakaanza kuona njaa, mmoja mmoja wakaondoka.

Sitawadanganya vijana wa leo. Vita ilikuja baadaye, imetoka mbali, na bunduki zake. Waliokuwa darajani wengine walikufa, wengine walivukia mpaka wa Gatumba kwenda Kongo. Kwa nini watu hupigana, wasomi wanajua zaidi: kuna wenye tamaa, na wenye kufaidika. Nilichokiona mimi ni kwamba hao hawawezi kazi peke yao. Wanahitaji mtu kama mimi, mwoga kidogo, anayeipeleka habari upande mmoja tu.

Vijana wananiuliza wajiandae vipi. Weka madumu mawili ya maji, unga, vyeti ndani ya plastiki, na watoto wajue mtakutana wapi. Halafu uwe na mlango ng'ambo unaoweza kuubisha, hata kama mnagombana na mwenyewe.

Nilipostaafu, nilikwenda kwa Mama Esperansi kumwambia jambo lililonikalia kifuani. Nikamweleza kwamba siku ile sikuliona daraja. Niliambiwa tu.

Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha.

"Nilijua. Ile asubuhi nilivuka na mboga zangu za lengalenga kwenda soko. Hapakuwa jiwe, hapakuwa mutu."

Nikamuuliza mbona alinyamaza pale bombani, wote wakinisikia.

"Ningesema, Rajabu, wangekuchinja," akasema. Akanisogezea sinia. "Na wewe chambua."