Aliyengoja Njia Panda

Zamani mtu akitoka kwenda mbali kwa pikipiki hakuna aliyejua yuko wapi mpaka arudi, lakini wenzake walimngoja. Siku hizi kila mtu anajua mwenzake yuko wapi kila dakika, na hakuna anayemngoja mtu.

Mzee Nguzo alikuwa wa zamani hizo. Jina alilipata kazini. Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukagua nguzo za simu: anapanda pikipiki ya shirika, anafuata waya porini kilomita mia mbili, mia tatu, anagonga kila nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima hulia, iliyoliwa na mchwa huguna. Sasa simu hazina waya, nguzo zimekatwa kuni, na sikio lililojua kutofautisha kulia na kuguna limebaki kusikiliza televisheni ya majirani kupitia ukuta.

Aliishi kwa bintiye, muuzaji wa duka la dawa, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo. Kibaraza kilikuwa na nondo. Mbele ya mlango wa mbao palikuwa na mlango wa chuma, mlango wa chuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa binti. Si kwamba hakumpenda baba yake. Alimpenda mno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Mzee alikuwa na goti bovu, jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, na mara mbili alikuwa ameteleza ngazini.

"Ukitaka kutoka, baba, nipigie simu. Nitakuja nikufungulie."

Kupiga simu ili ufunguliwe mlango! Hata kuku hufunguliwa asubuhi bila kuomba.

Pikipiki ilikaa chini ya ngazi, imefungwa mnyororo. Ni ileile aliyoendea nguzo. Siku ya kustaafu shirika lilimwachia, maana hakuna kijana aliyeitaka. Kila Jumapili binti alimshusha, mzee akaiwasha, akasikiliza injini dakika kumi, akaizima, akapandishwa tena. Halafu mwenye nyumba akaanza kulalamika juu ya moshi.

"Kuna fundi anaitaka, baba," binti alisema siku moja huku akikunja nguo. "Inazeeka bure pale chini."

"Na mimi hapa juu nazeeka kwa faida?"

Binti aliendelea kukunja. Alijua babake akianza maneno hayo hayaishi.

Vijana aliwapata dirishani. Gereji ilikuwa ukuta kwa ukuta na jengo lao, na Ijumaa moja zilisimama pikipiki tano, kubwa, zinazong'aa kama vyombo vya bi harusi, na wenyewe wakaanza kufunga mizigo. Mzee aliwatazama akavumilia, akashindwa.

"Wewe mwenye koti jekundu! Mzigo mzito unaupandisha juu mgongoni? Kona ya kwanza itakulaza! Uweke chini, mbele, karibu na magoti!"

Wakainua vichwa, wakacheka, wakapanda ngazi kumwona aliyewakemea. Wakazungumza naye katikati ya vyuma vya mlango kama watu waliokuja kumtazama mfungwa. Kiongozi wao walimwita Kapteni, keshia wa benki, kijana mwenye maneno matamu. Mwenye koti jekundu alikuwa mwanamke, daktari wa meno, mpole, mwenye kuuliza na kusubiri jibu. Kila mwezi walikuwa na safari yao. Walipoiona pikipiki chini ya ngazi Kapteni alishika kichwa.

"Babu, hii bado inatembea? Mwezi ujao twende nayo. Siku tatu tu, kwenda na kurudi. Watu wataipenda hii kwenye picha!"

Neno la picha mzee hakulisikia, au hakutaka kulisikia. Wiki tatu hakumpa bintiye usingizi, mpaka binti akatoa masharti yake.

"Siku tatu, baba. Ukirudi umekaa juu yake mwenyewe, itakaa chini ya ngazi mpaka siku yako ya mwisho, na mwenye nyumba nitapambana naye mimi. Ukirudishwa, ukibebwa, hata ukisukumwa mtaa mmoja tu, fundi anaichukua siku hiyohiyo."

"Niape?"

"Usiape. Rudi."

Asubuhi ya kuondoka mzee aliwakusanya wote mbele ya gereji. Alikuwa na neno moja, nalo hakulisoma kitabuni. Enzi zake kila likizo walisafiri watatu, yeye na wenzake wawili wa kazini, Mrefu na Domo, siku kumi kwa pikipiki bila shughuli yoyote ila kwenda. Mwaka mmoja mnyororo wake ulikatika porini, na yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Aliisukuma pikipiki usiku kucha na nusu ya siku ya pili. Alipofika penye njia mbili alimkuta Domo ameketi kwenye matope, ameloa chapa chapa, midomo imekuwa ya buluu. Mzee, wakati huo kijana, alimuuliza kwa nini hakwenda kujikinga mvua. Domo akamjibu, "Ningeondoka, ungenitafuta njia ipi?"

"Kwa hiyo," mzee aliwaambia vijana, "ukifika njia panda, simama. Ngoja mpaka aliye nyuma yako akuone. Akishakuona amejua njia, nawe nenda. Hujamwona, huondoki. Mvua, jua, njaa, huondoki."

"Na nikibanwa na haja, babu?" aliuliza Kapteni.

"Unajisaidia huku unatazama barabara."

Walicheka mpaka mmoja akavua helmeti kufuta machozi. "Sawa, babu! Sheria ni sheria!" Na mzee aliichukua ile sawa kama sawa za enzi zake, ambazo mtu alikuwa anaweza kuzilalia.

Kusema kweli, siku mbili za kwanza aliishi. Kufika kilomita ya arobaini goti lilinyamaza lenyewe. Barabara ilipoteremka bondeni, ubaridi ulimwingia mikononi kupitia mikono ya koti, akanusa majani yaliyokatwa, kisha udongo uliolowa, kisha moshi wa jiko la mtu asiyemjua na hatamjua. Hakuna aliyemwambia angalia ngazi. Hakuna aliyemuuliza kama amekunywa dawa. Alikuwa anakwenda mwendo wa arobaini, na dunia nzima ilikuwa inampisha.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, Daktari wa Meno alileta kiti karibu yake.

"Babu, mashimo yananishinda. Nikiliona tu naliingia."

"Kwa sababu unalitazama. Ukilitazama shimo utaliingia. Tazama pale unapotaka kupita, pikipiki itafuata macho."

"Na nitajuaje kama nimechoka?"

"Ukijua umechoka umechelewa nusu saa. Simama kabla hujajua."

Binti wa watu aliyaandika yale kwenye simu yake. Wenzake walikuwa wakionyeshana picha za mchana, kila mmoja akitafuta ile aliyotokea vizuri. Barabarani ilikuwa vilevile. Ndani ya helmeti zao mlikuwa na redio, wakawa wanaongea na kucheka wote kwa pamoja, yeye hasikii kitu, kama mtu aliyewekwa nyuma ya kioo atazame karamu. Mrefu na Domo hawakuwa na redio. Walikuwa wanageuza shingo.

Siku ya tatu, siku ya kurudi, walisimama kituo cha mafuta saa tatu asubuhi. Zilikuwa zimebaki kilomita mia moja na kidogo.

"Tangulia, babu," Kapteni alimwambia. "Wewe mwendo wako wa pole pole. Tutakukuta mbele."

Akatangulia. Baada ya kilomita kumi na mbili akafika penye njia mbili: ya kulia inaelekea mjini kwao, ya kushoto inaelekea machimbo ya mawe. Akasimama ukingoni, akaegesha, akavua helmeti wamwone uso vizuri, akangoja.

Alichokuwa hajui ni kwamba pale kituoni simu za vijana ziliwaonyesha barabara mpya, lami tupu, inayoanzia nyuma ya kituo na kupunguza safari kwa saa nzima. Wakaijadili ndani ya helmeti zao, wakakubaliana, wakaifuata, wakisimamasimama njiani kupiga picha. Kila mmoja alidhani mwenzake amempigia babu. Mmoja tu alikuwa amempigia, akakuta simu imezimwa, maana mzee aliamini kuwa mtu aendeshaye chombo hana mkono wa tatu. Na huyo aliyepiga akanyamaza.

Saa nne. Saa tano. Pale njia panda palikuwa na mama muuza chai chini ya turubai, mwenye ulimi usiolala.

"Mzee, umeharibikiwa?"

"Nangoja wenzangu."

"Wangapi?"

"Watano."

"Watano wote wakupotee, au wewe ndiye umepotea?" Akammiminia chai. "Njia mbili zilimshinda fisi, babu. Chagua moja kabla hujachanika."

Mzee alimsimamisha kila dereva wa lori aliyetoka upande wa kituo. Umewaona vijana watano wa pikipiki? Sijawaona, mzee. Hata mmoja? Hata kivuli. Hapo ndipo alipoanza kuwaza mabaya, maana barabara ilikuwa moja, na watu watano hawayeyuki. Akilini aliona koti jekundu limelala mtaroni. Akawasha simu. Mtandao hapo haukuwapo. Akatazama upande wa pili wa barabara akaona kisiki cha nguzo, kimekatwa usawa wa goti. Enzi zile angepanda nguzo hiyo, angebana vikoleo vya simu ya majaribio kwenye waya, na kabla chai haijapoa angekuwa anaongea na kituo cha mafuta na bintiye kwa zamu. Sasa alishika kiganjani kitu cha kioo chenye kila maarifa ya dunia, nacho hakikuweza kumwambia kama watu watano ni wazima.

"Rudi ukawatazame basi," alisema mama chai.

"Nikirudi, tukapishana bila kuonana wakafika hapa, watanitafuta wapi?"

"Basi nenda nyumbani kwako."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nyumbani palikuwa kilomita tisini tu. Tangi lilikuwa na mafuta, goti lilikuwa kimya, jua lilikuwa bado juu. Angekanyaga gia sasa hivi, saa tisa angeingia mtaani amekaa juu ya pikipiki yake, na binti angekuwa hana la kusema. Mara mbili aliinuka akavaa helmeti. Mara ya pili aliiwasha kabisa, akakaa juu yake, klachi ameishika, akatazama njia ya kulia mpaka macho yakatoka maji. Kisha akaizima. Alimwona Domo kwenye matope. Domo naye alikuwa na nyumba, alikuwa na mke aliyejifungua wiki ile ile, na alikaa.

"Wewe mzee umetegwa," alisema mama chai, sasa bila kicheko. "Na mtego umeubeba mwenyewe kutoka kwako."

Mjini, saa saba, Kapteni alifika mbele ya jengo na wenzake, akapanda ngazi amwite babu waje wapige picha ya mwisho. Binti akatoka na ufunguo shingoni.

"Baba yangu yuko wapi?"

Kapteni akatazama nyuma yake, kwenye ngazi tupu. Wakapiga simu, haipatikani. Alipoeleza walikomwacha, binti hakuwapigia kelele; ingekuwa nafuu. Alipiga simu dukani kwamba harudi kazini, akamkodi dereva wa pikapu aliyezoea kuhamisha magodoro, akawaambia vijana, "Mmefanya ya kutosha. Kaeni hapo hapo." Wakakaa, vichwa chini. Kama saa moja na nusu ilipopita Daktari wa Meno akavaa koti lake jekundu. Kapteni alimtazama, akamfuata.

Saa tisa na nusu pikapu ilisimama njia panda. Binti alishuka, akamshika babake uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama mtoto aliyeanguka.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Hao vijana..."

"Wamefika mjini tangu mchana, baba. Wamepita barabara mpya. Wanakunywa soda!"

"Wote watano?" mzee aliuliza.

"Wote."

"Wazima?"

"Wazima kuliko wewe."

"Alhamdulillahi," alisema mama chai, naye mzee akaichukua helmeti yake.

"Basi niache niende," mzee alimwambia bintiye. "Nitangulie, ninyi mje nyuma yangu. Kilomita tisini tu."

"Jua linashuka na jicho moja huna. Nimekuja kukuchukua, baba. Nimekuja, tayari." Naye alikuwa analia, na mtu hawezi kubishana na mtoto wake anayelia. Dereva na wachimba mawe wawili wakaibeba pikipiki juu, wakailaza ubavu kwa sababu kamba haikutosha, petroli ikaanza kudondoka kwenye mbao. Mzee alitaka kusema haifungwi hivyo. Hakusema.

Walimketisha katikati, dereva kulia, binti kushoto, gia kati ya magoti yake. Goti lilikuwa limeanza tena. Walikwenda kilomita ishirini. Kisha mbele, kwenye kona nyembamba penye mawe, zikatokea taa mbili zinakuja, mbio, na nyuma ya taa ya kwanza likaonekana koti jekundu.

"Simama," alisema mzee. "Simama, ndio hao!"

"Hapa siwezi, mzee, tutagongwa na lori," alisema dereva, akasogeza pikapu pembeni kidogo kuwapisha.

"Nitawapigia tukipata mtandao, baba. Tulia."

Walipita. Daktari wa Meno hakulitazama shimo lililokuwa katikati. Aliangalia pembeni mwake, kwenye nafasi, akapita salama kabisa, na alipokuwa sawa na dirisha aliinua mkono wa kushoto kumshukuru dereva aliyempisha. Vioo vya helmeti zao vilikuwa vyeusi na hawakuangalia ndani ya pikapu. Walikuwa wanamtafuta mzee aliyekaa juu ya pikipiki. Mzee alitaka kuinua mkono, lakini ulikuwa umebanwa kati ya bega lake na la dereva, na alipoutoa, kona ilikuwa imeshawameza. Hakuwaona tena.