Kiapo Alichokikataa Baba

Harufu ya dawa ya josho haimtoki puani mtu aliyekulia kwarantini. Ilikuwa kali, chungu kidogo kooni, nayo ilichanganyika na samadi, manyoya ya ng'ombe yaliyolowa na vumbi la Isiolo ambalo upepo wa alasiri ulilisukuma mpaka ndani ya sufuria za mama. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, ya mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi, hatua chache kutoka zizi ambamo mifugo ya kaskazini ilizuiliwa na kukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kwenda kuuzwa nyanda za juu. Baba alikuwa karani wa hapo. Kila ng'ombe aliyepita joshoni alipita pia katika daftari lake, kwa rangi, kwa chapa na kwa jina la mwenyewe. Kutoka kwake nilijifunza kwamba jambo lisiloandikwa vizuri ni sawa na jambo lililosemwa uongo, nami niliishi kwa funzo hilo miaka thelathini na minne katika masjala za serikali, hadi nilipostaafu.

Nalazimika kuyaandika haya kwa sababu ya kitabu. Ni riwaya nene yenye jalada linalometameta, ambayo siku hizi utaikuta mikononi mwa abiria, wauguzi na hata wanafunzi wanaopaswa kuwa wakisoma mambo mengine. Mwandishi ameiweka katika mji wa kaskazini asioutaja, wakati wa vita vya Shifta, miaka ile ya sitini serikali ilipopambana na waasi waliotaka kaskazini ijitenge, lakini mji wenye kwarantini, soko la miraa na mlima mkubwa upande wa kusini sihitaji kuambiwa jina lake. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Mkweka. Nilipolikuta neno hilo, moyo ulinidunda kwa furaha, kwa maana sisi tulikuwa Wakweka, ingawa wenyewe hujiita Marafiki. Furaha hiyo ilidumu nusu ukurasa. Mkweka wa riwaya ni Mzungu mwenye ndevu nyeupe na kofia nyeusi pana, anaishi katika nyumba tulivu iliyozungukwa na mawaridi, na hunyamaza kwa kurasa nzima akitazama machweo. Mawaridi! Katika kwarantini ya Isiolo! Rafiki wa pekee niliyepata kumjua katika mji ule, nje ya mama na sisi watoto, alikuwa baba, Mmaragoli mfupi, mweusi, asiye na ndevu, na kofia yake ilikuwa ya sufi ya kijani iliyofumwa na mke wake.

Tena hakuwa mtu wa kimya. Babu alipokea imani ile kwa wamisionari kule magharibi, na Marafiki wa kwetu waliichukua wakaitia ngoma. Jumapili tuliondoa meza sebuleni, baba akafungua kitabu cha nyimbo, na sisi sita tukaimba kwa Kimaragoli hadi bati likatetemeka. Mama Kinoti, Mmeru jirani yetu aliyeuza miraa sokoni, alikuwa akipiga kelele kutoka uani kwake, "Mama Kageha! Huyo Mungu wenu hasikii vizuri?" Mama naye akimjibu, "Anasikia, ila wewe ndiye hujaja!" Mwishoni kabisa tulinyamaza kidogo, tukingoja kama kuna mwenye neno moyoni. Hilo ndilo la kimya, basi, na mara nyingi lilivunjwa na mdogo wangu akiuliza habari za chakula.

Yaliyotutenga na wengine yalikuwa mawili. Rafiki hashiki silaha, na Rafiki hali kiapo. La kwanza lilitupatia kejeli nyingi shuleni, watoto walitusukuma wakisema, "Piga huyo, hao hata ukiwapiga wanasema asante!" La pili hakuna aliyelijua, kwa kuwa nani humwapisha mtoto? Baba alitufafanulia akinoa penseli yake kwa wembe. "Anayeapa leo," alisema, "anakuambia kwamba jana alikuwa na ruhusa ya kudanganya. Ndiyo yako iwe ndiyo siku zote. Ukiongeza Mungu juu yake, umeipunguza." Nilimwelewa. Watoto huyaelewa kwa urahisi mambo ambayo bado hayajawagharimu.

Rafiki yake mkubwa hapo kazini alikuwa Galgalo, nyapara wa wachungaji, Mborana mrefu aliyeweza kumtambua ng'ombe kwa kikohozi. Huyu hakujua kusoma, na baba hakujua ng'ombe, hivyo kila mmoja alikuwa macho ya mwenziwe. Jioni ilipokaribia walikaa juu ya ukuta wa josho, Galgalo akitaja na baba akiandika, kisha Galgalo akaweka dole gumba lake chini ya ukurasa kuthibitisha hesabu ya siku. "Karani," alimtania, "siku nikifa, hiki kidole wewe ukiweke kwa kabati." Binti yake, Talaso, alikuwa rika langu. Alinifundisha kunywa maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi, nami nilimfundisha nyimbo zetu, ambazo aliziimba kwa makosa ya makusudi ili nicheke.

Waborana huuita wakati ule Gaf Daba, yaani wakati ambapo kila kitu kilisimama. Mtoto wa karani aliona tu dalili zake. Mifugo ilipungua zizini mpaka siku nyingine daftari likabaki jeupe. Malori ya askari yalipita yakielekea upande wa Kinna na kurudi yamejaa watu waliochuchumaa, mikono kichwani. Mwalimu wetu wa hesabu hakuonekana tena na hakuna aliyeuliza. Watu wa nyanda za juu kama sisi tulipita vizuizini kwa kuonyesha uso tu, na Galgalo, aliyezaliwa pale, alihitaji karatasi ili kuvuka barabara. Wapiganapo mafahali wawili nyasi ndizo huumia, lakini mimi nilikuwa sijajua kwamba nyasi zina majina, na kwamba jina mojawapo lilikuwa la baba yake Talaso.

Ikatokea siku moja gari la askari likashambuliwa kwenye barabara ya mashariki, watu wakafa. Siku hiyo, tangu jua kuchomoza hadi kutua, Galgalo alikuwa joshoni pamoja na baba. Nilishuhudia kwa macho yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapelekea chai mchana. Hata hivyo, msako ulipofanywa asubuhi ya tatu, mtu fulani alisema alimwona Galgalo barabarani, naye akachukuliwa pamoja na wanaume wengine na kuwekwa nyuma ya seng'enge karibu na kituo. Tangazo likatoka: aliye na shahidi wa kumtetea amlete, shahidi ale kiapo, mambo yaishe. Mkewe Galgalo, Mama Talaso, alikuja kwetu mbio, hana viatu. Baba hakungoja amalize. Alilichukua daftari la josho, akavaa kofia yake ya sufi, akasema, "Twende. Atakula nyumbani leo."

Tulisimama nje ya seng'enge: mama, Mama Talaso, Talaso na mimi. Talaso alikuwa amenishika mkono. Afisa aliyeketi mezani chini ya turubai alikuwa kijana, mwenye Kiswahili cha shule na miwani safi. Mbele yake palikuwa na Biblia na Msahafu. Baba alimsalimu, akafungua daftari, akamwonyesha tarehe, hesabu ya ng'ombe na dole gumba la Galgalo.

"Daftari halina mdomo," afisa alisema, bila ukali. "Wewe ni Mkristo? Shika Biblia, inua mkono, apa kwamba mtu huyu alikuwa na wewe. Nitamwachilia sasa hivi."

"Alikuwa na mimi, afande. Tangu asubuhi mpaka jioni. Nathibitisha mbele yako na mbele ya watu wote hawa."

"Vizuri. Sasa apa."

"Mimi siapi, afande. Dini yangu hairuhusu. Mimi ni Mkweka."

Afisa alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyefurahi kweli. Akamgeukia askari aliyekuwa kando yake. "Unasikia? Mkweka!" Akamrudia baba. "Mzee, Wakweka mimi nimewasoma. Tulikuwa na kitabu cha hadithi shuleni. Ni Wazungu wa zamani, wana kofia hivi," akachora duara hewani juu ya kichwa chake, "na farasi. Wewe farasi yako iko wapi?"

Askari walicheka. Hata baadhi ya wafungwa walicheka, kwa woga. Baba alivua kofia yake ya sufi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni Mkweka, afande," alirudia. "Na mtu huyu alikuwa joshoni."

"Mtu anayeogopa Biblia anaficha kitu," afisa alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Nakuuliza mara ya mwisho. Utaapa au hutaapa?"

Nilikuwa nimemjua baba yangu kwa miaka tisa, nami nilijua jibu kabla hajalitoa. Ila sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kumpenda mwenziwe na bado akasema hivyo. Galgalo alisimama nyuma ya wengine, akiwazidi wote kwa kichwa, akamwita kwa sauti ya utani ule ule wa josho, "Karani! Sema tu hayo maneno yao. Ni maneno!" Baba alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimchuruzika, lakini alitikisa kichwa. Talaso akauachia mkono wangu.

Malori mawili yaliondoka adhuhuri hiyo. Hatukuambiwa yalikokwenda. Galgalo hakurudi mwezi ule, wala mwaka ule, wala vita vilipokwisha, na barua zote ambazo baba alimwandikia kila mkubwa aliyeweza kumfikiria, kwa mwandiko wake mzuri, nakala akizihifadhi, hazikujibiwa hata moja. Siku ile nyumbani mama alisonga ugali, akaupakua, hakuna aliyeugusa. "Maneno machache tu, Yohana," alisema. "Mungu angeyasahau." Baba akajibu, "Mungu, labda." Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, lakini hawakusema wafanyeje watoto wake. Mama Talaso alihama na binti yake kabla ya mvua. Baba aliendelea kuandika ng'ombe mpaka akahamishwa, na chini ya kila ukurasa, pale palipokuwa pa dole gumba, aliacha nafasi tupu ya upana ule ule.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeajiriwa, nilikabidhiwa kupanga vitabu vya sheria katika masjala. Nikiwa nimesimama na vumbi vidoleni, nilisoma kwamba mtu ambaye imani yake inamkataza kuapa anaruhusiwa kuthibitisha tu, na neno lake lina uzito sawa na kiapo. Nilikaa chini sakafuni. Baba alikuwa amefanya kile hasa sheria ilichotaka. Kilichomshinda ni kitabu cha hadithi. Kijana yule msomi alikuwa na Mkweka kichwani, mwenye kofia na farasi, na Mkweka aliyesimama mbele yake akiwa hai hakupata nafasi ya kuingia.

Sasa ndipo utaelewa ghadhabu yangu juu ya riwaya hii ya leo. Mwandishi, ambaye bila shaka aliokota kisa chetu mahali fulani, amelipeleka lile tukio hadi kilele chake. Mzungu wa mawaridi anaingia kwenye seng'enge, anaweka mkono juu ya Biblia, anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti iliyotetemesha turubai, na Mborana anaachiliwa! Mkweka anaapa! Nilichukua penseli nikasahihisha pembeni mwa kurasa kama nilivyosahihisha majalada ya ofisi: kofia, si kweli, mawaridi, si kweli, na penye kiapo niliandika "SI KWELI" kwa herufi kubwa, nikatia sahihi yangu. Kisha nikapanda gari kwenda Isiolo kumwonyesha mtu mmoja aliyestahili kuona.

Isiolo ya leo ina lami laini na bodaboda zinazopita kushoto na kulia bila adabu. Kijana mmoja alinifikisha mtaa wa Wabera, kwenye duka la vitambaa la Talaso, aliyerudi mjini ukubwani. Tuliwahi kuonana mara mbili tatu mazishini, kwa salamu za heshima. Safari hii alinikalisha, akanipa chai, akaifungua riwaya mahali nilipomwonyesha. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kumbe alikuwa na nakala yake mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa amemsomea yote.

"Kageha," alisema hatimaye, "umetoka huko kote kuja kunionyesha makosa?"

"Ni ukweli, Talaso. Baba hakuapa. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Alikiweka kitabu juu ya jora la kitambaa. "Baba yako alikuwa mtu mzuri. Mama yangu alisema hivyo mpaka akafa, na hakumsamehe mpaka akafa. Lakini huyu mzungu wa kitabu, huyu wa kofia, alisema hayo maneno. Umesoma ukurasa unaofuata? Baba anafika nyumbani. Mtoto anamletea maziwa." Akaweka kidole juu ya mwandiko wangu. "Na hapo wewe umeandika si kweli."

Katika masjala, kumbukumbu haifutwi. Ikikosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, kisha hutiwa sahihi na tarehe. Katika miaka thelathini na minne sikuwahi kufuta hata nukta. Nilifungua mkoba wangu, nikatoa kifutio, nikayafuta yale maneno mawili, na sahihi yangu pia, nikipuliza vumbi lake taratibu lisimwangukie kwenye vitambaa. Talaso aliutazama ukurasa ulivyobaki mweupe pembeni, akakijaza tena kikombe changu. Kofia na mawaridi sikuyagusa. Hayo yatabaki makosa. Na kwa kuwa jambo lisiloandikwa vizuri ni sawa na jambo lililosemwa uongo, nimeiandika hapa habari ya baba yangu, mahali ambapo Talaso halazimiki kuisoma.