Maswali ya Mantiki na Fundi Sabina

Ipo siku moja huwa naikumbuka kila nikikuona umeinamia maswali yako ya mantiki, mwanangu. Nilikuwa na umri kama wako, najiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara, huku nikiuza vitambaa katika duka moja la Wahindi hapa Mwanza. Nilikuwa mwepesi mno wa kujibu. Sisi Wahaya tunasemwa kwa kujisikia, na mimi kwa kweli sikuwaangusha wenzangu.

Mama wa mwenye duka, tuliyemwita Bibi Kanta, alikuwa akinisomea maswali asubuhi kabla wateja hawajafika. Siku hiyo swali lilisema: mafundi wote wa mtaa fulani wana vyerehani, Rehema ana cherehani, je, lazima Rehema awe fundi wa mtaa huo? Nikasema ndiyo, nikataka swali lingine. Bibi akatikisa kichwa.

Barazani mwa duka alikaa Sabina, fundi wetu wa kushona, niliyekuwa nikila naye sahani moja. Wateja wa kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, walikuwa wamepungua, na asubuhi ile nilimwona akinong'ona na mama mmoja wa huko, kisha yule mama akaondoka bila kununua kitu. Nikaunganisha haraka haraka: Sabina anatuibia wateja, anawashonea kwake Igoma. Nikaenda kumwambia mwenye duka, tena bila kusita. Sabina akaambiwa kazi basi. Akaondoka analia.

Bibi Kanta aliposikia akaniita.

"Koku, wewe umeona nini?"

"Nimemwona akinong'ona na mteja, Bibi."

"Na akiiba, umemwona?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hiyo umeiongeza mwenyewe, kama ulivyomwongezea Rehema mtaa. Nenda ukamuulize. Mimi naongea na mwanangu, kazi yake ataikuta."

Nilimkuta Sabina kwake Igoma akipanga nguo kwenye begi. Yule mama alikuwa amemletea habari kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa sana huko Sengerema. Na kazi ile niliyomharibia ndiyo iliyokuwa ikilipia matibabu ya mama yake. Wateja nao walikuwa mashambani, mvua zilikuwa zimeanza na watu wanapanda. Niliona aibu, mwanangu. Nikapiga magoti kumwomba msamaha.

Sabina hakunifokea. Alisema tu, "Koku, si ungeniuliza? Tulikuwa tumekaa wote pale."

Nikamwambia kazi yake bado ipo. Alienda kumuuguza mama yake, akarudi dukani, tukala tena pamoja. Lakini ilinichukua muda mrefu kumtazama usoni.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye karatasi ya mtihani, soma walichoandika na usiwaongezee cha kwako. Jibu linaweza kuwa kweli kabisa huku mtaani na bado lisitokane na maneno uliyopewa. Ukijiona una uhakika kabla hujamaliza sentensi, rudi mwanzo, hata kama saa inakukimbiza. Na usikonde kwa hofu, maana hata ukifeli nitakupikia na kukupenda vilevile.

Ila kuna kitu hawatakuuliza kwenye mtihani. Karatasi haina mdomo, inabidi ubaki na ilichokuambia. Mtu anao. Utakapomaliza chuo na kuwa na watu chini yako, ukahisi mmoja wao amekukosea, mvutie kiti umuulize, kisha nyamaza umsikie mpaka amalize.

Mungu akufungulie akili yako, mwanangu, akutulize moyo siku ya mtihani. Na akuepushe na siku ambayo mtu uliyekula naye atasimama mbele yako, machozi hayajamkauka, akuulize kwa nini hukumuuliza.