Digna wa Ifakara na magome ya Malinyi

Saa moja asubuhi bodaboda imeshalivuka daraja la Mto Kilombero, na Digna Matimbwa (44) hageuki nyuma. Gunia tupu amelikalia, matope yamemfika magotini. Anakwenda Malinyi kufuata magome ya mti ambao watu wa kule huchemsha kutibu majipu. Mzigo wa kwanza umekwisha, na umeacha maswali.

Katika maabara ndogo mjini Ifakara, Digna ndiye anayesaga magome na mizizi ya dawa, kuiloweka kwenye spiriti, kuichuja na kuikausha hadi ubaki unga. Wataalamu huuyeyusha na kuumwagia seli za saratani ya matiti zinazokuzwa kwenye vyombo vidogo, kisha huangalia zilizokufa.

"Nilianza kama mfagiaji," anasema. "Shule niliishia la saba. Wakanifundisha wenyewe, nashukuru sana."

Magome ya kwanza ya Malinyi yalileta shangwe: seli za saratani zilikufa zote. Furaha ikamzidi Digna, akayabeba maneno hadi mtaa wa Viwanja Sitini kwa dada yake, Mariana. Mariana ana saratani kwenye titi la kushoto, na hospitali walishampangia kwenda Dar es Salaam kupasuliwa.

"Basi siendi kukatwa," Mariana akasema. "Dawa si hiyo mnayo kazini? Niletee kikombe tu."

"Dada, hatujamaliza kupima."

"Malizieni kwangu."

Tangu siku hiyo tarehe ya Dar inasogea, na Mariana hafungi begi.

Mkuu wa maabara, Dk. Gasper, hakushangilia. Magome yale yaliua hata seli zisizo na ugonjwa. "Digna, hata Jiki ya kufulia inaua seli," alimwambia. "Tutawanywesha watu Jiki?" Akihisi kuna kitu kimeyaingia, akamtuma akaone kwa macho yake yanavyokaushwa, maana agizo lilikuwa yakaushwe kivulini.

Malinyi anapokelewa na Dorika, mama anayewakusanyia magome.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja au umechimbwa? Matope yote hayo!"

Digna anaulizia mahali pa kukaushia. Dorika anamwingiza jikoni. Juu ya moto kuna uchanja wa fito, na juu yake kambale wamepangwa, weusi, wanadondosha mafuta.

"Hapo," anasema Dorika. "Masika ile, kivuli gani kingekausha gome? Kingeotesha uyoga. Nikayaweka na samaki wangu, yakakauka mpaka yanalia! Sisi hapa kitu tusichotaka kioze tunakipandisha uchanjani."

Digna anashika kichwa. Gome lilikula moshi siku zote zile. Kilichoua seli huenda si mti, ni moshi.

"Nimeharibu?" Dorika anauliza, kicheko kimekatika.

"Hujaharibu, mama. Umeniokolea mtu. Ungenificha, dada yangu angekufa akisubiri moshi."

Jioni hiyohiyo hapiti hata kwake, anakwenda moja kwa moja Viwanja Sitini, na matope yake. Anaeleza yote, hafichi kitu.

Mariana anamsogezea kigoda.

"Kwa hiyo ulitaka kuninywesha supu ya kambale?"

"Nilitaka upone, dada."

"Na kama mkipima mengine, mkikuta safari hii ni dawa kweli?"

"Itachukua miaka. Wewe huna miaka ya kusubiri."

Mariana anasema, "Begi liko juu ya kabati. Mimi mkono haufiki."

Hayo yalikuwa mwaka jana.

Magome yaliyokaushwa kivulini yalipimwa. Yanapunguza seli za saratani kidogo, na zile nzima yanaziacha. Dk. Gasper anasema kidogo hicho kinatosha kuendelea nacho, lakini bado si cha kumpa mgonjwa.

Dorika alijengewa kibanda cha bati, kuta za wavu, upepo unapita. Analeta magome kila msimu. Kambale wamebaki jikoni.

Mariana aliondolewa titi, akamaliza dripu zake za dawa ya saratani Dar. Nywele zimeota tena. Anauza vitumbua sokoni Ifakara na anarudi kliniki anapoitwa.

Digna alikwenda kupimwa matiti, hakukutwa na tatizo. Bado anasaga. Jioni anasoma, mwakani anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baiolojia anaielewa. Hesabu, anasema, zinamsumbua.