Mume wangu alibadilisha kitanda cha mninga cha marehemu baba kwa cha chuma nikiwa uzazini

Wakuu, za mchana.

Kuna jamaa kauliza humu anunue kitanda cha mbao au cha chuma. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, hasira zikapanda, nikaona bora nifungue uzi wangu. Siongezi chumvi wala sipunguzi. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine una mtoto, hivyo mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Mimi nimekulia Isevya, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa seremala, alifariki mwaka juzi.

Nilipoolewa alinitengenezea kitanda cha mninga. Hakumpa fundi mwingine hata kupiga msasa. Badala ya vanishi alikipaka nta ya nyuki, akakisugua na kitambaa siku nzima. Chumba changu kilikuwa kinanuka asali kwa mbali, hasa mvua zikianza.

Kitanda kile hakikuwa na msumari hata mmoja. Kilishikwa na vigingi vinane vya mbao, vifupi kama kidole cha kati. Kila kigingi na tundu lake. Baba alivitia alama kwa kisu, cha kwanza mkato mmoja, cha pili miwili, mpaka minane. Ukivichanganya kitanda kinalia na kuyumba kama kina mlevi.

Wiki moja kabla ya harusi alinisimamisha karakanani nikakifungua na kukifunga mara tatu mbele yake. Nikamwambia baba, hii si kazi ya mume?

Akasema, "Mume atasafiri. Kitanda ni chako. Na cha nane usikipige na nyundo ya chuma, kipige na kipande cha mti."

Hiyo ndiyo mali yangu niliyoingia nayo kwa mume. Sikuwa na nyingine.

Sasa. Mwaka huu nilienda Urambo kwa mama, alikohamia baada ya msiba wa baba, kujifungua binti yetu wa kwanza, Salome. Nikakaa mpaka arobaini. Baba Salome alibaki nyumbani kwetu Mtendeni, hapa hapa Tabora, na biashara yake ya chaja na makava ya simu. Tulikuwa tunaongea kila siku, na hakusema kitu.

Narudi, nafungua mlango wa chumbani, nakuta kitu cheusi kina maua ya rangi ya dhahabu kichwani. Kitanda cha chuma.

Nikauliza changu kiko wapi.

"Mama Salome, tulia. Kilikuwa na kunguni. Mtoto angeliwa. Nimebadilishana na yule jirani yangu anayechomelea mageti. Hiki cha kisasa."

Niseme ukweli kwa sababu nimeahidi. Kunguni walikuwepo, hakunidanganya. Na nia yake ilikuwa mtoto asing'atwe. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, angekuwa mlevi ningejua pa kumweka.

Lakini wakuu, kunguni unachemsha maji. Unatoa kitanda juani, unamwagia kwenye maungio, unarudia wiki ijayo. Mama yangu kafanya hivyo maisha yake yote. Nani anatoa kitanda kizima kwa ajili ya kunguni?

Halafu godoro akaacha lile lile. Usiku wa tatu nikang'atwa mkono. Nikamulika, kunguni wanatoka kwenye tundu la bomba la chuma, mafundi hawakuziba mwisho. Wamehamia, wana nyumba ndefu sasa. Baba Salome aliangalia, akaenda kuchemsha maji bila kuambiwa.

Wakati nafagia ndipo nikakuta mfuko wa nailoni nyuma ya mlango. Ndani, vigingi vyangu. Vyote vinane. Alivitoa akakusanya, akasahau kumpa yule fundi.

Nilikaa chini nikavipanga kwenye khanga, mkato mmoja mpaka minane. Nikanusa. Nikalia mpaka mtoto akaamka.

Asubuhi nikaenda kwa mchomeleaji. Akasema kitanda alimuuzia mama mmoja wa Nzega, mwalimu mstaafu, na alikuwa na namba yake. Nikapiga. Yule mama akanielekeza kwake bila kuuliza maswali.

Mume akasema nisiende, nitamtia aibu. Nikamwambia aibu alishaitia yeye, mimi naifuata tu. Nikambeba Salome mgongoni, vigingi nimevifunga kwenye pindo la khanga, nikapanda basi la Nzega.

Hesabu yangu kichwani ilikuwa rahisi. Kitanda bila vigingi ni rundo la mbao. Atachoka nacho, atakubali nimpe cha chuma achukue na maua yake.

Mama Kulwa, ndiye huyo mwalimu, alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akampokea mtoto kabla hata sijakaa. Ila nilipoona kitanda nilitaka kuondoka hapo hapo. Amekifunga kwa waya kwenye kona zote nne, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji.

Nikamweleza yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana mwanangu. Lakini sikitoi. Mgongo wangu umeshazoea ugumu wake, na ile harufu inanikumbusha nyumba yetu Sikonge, baba yangu alikuwa anarina asali."

Nikamwambia, mama, hicho ni cha baba yangu.

"Najua. Na nikikurudishia, unakirudisha kwa mume yule yule?"

Nikamchukua mwanangu, nikaaga.

Akaniambia taratibu, "Vigingi ni vyako, sikulazimishi. Fundi anakuja saa nane na misumari ya inchi sita, ataniwekea sawa."

Nilifika mpaka barabarani. Nilisimama pale jua linawaka, nimeshika lile fundo la khanga.

Nilikuwa namsikia baba. Mtu akimletea mninga uliopigwa misumari alikuwa anaupitishia mkono kwenye ufa, anatikisa kichwa. Unapasuka kuanzia mwisho, na ukipasuka hauna dawa.

Nikiondoka na vigingi, nina vipande vinane vya kijiti kwenye kabati, na kitanda cha baba kinapasuliwa mchana ule ule.

Nikarudi. Sikumsalimia tena. Nikamwambia, mama, nishikie mtoto, nipe nyundo na kipande cha kuni.

Nikakata waya zote. Nikaanza cha kwanza, kichwani kulia. Mikono ilikuwa inakumbuka kuliko mimi. Mpaka cha saba kitanda kikawa kimesimama, nikakitikisa, kikacheza kidogo tu.

Cha nane nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Kilikuwa kimoja tu. Kitanda kingesimama bila hicho, kingelia lia tu, na mimi ningekuwa na kitu cha baba cha kushika.

Nikaweka kile kipande cha kuni juu yake, nikakigonga mpaka kikazama.

Nikakitikisa tena. Kimya.

Akatandika shuka, akasema, "Jilaze unyonyeshe. Basi la jioni bado." Nikajilaza na Salome. Nililala usingizi ambao sijalala tangu nijifungue. Fundi wa misumari alikuja akaondoka, sikumsikia.

Sasa nimerudi Tabora. Hiki cha chuma kinalia kila Baba Salome akigeuka. Siku hizi anajitahidi asigeuke, analala kama gogo mpaka asubuhi. Ameniomba msamaha, nimeupokea nusu. Ile nusu nyingine inasubiri mninga, na sijui atautoa wapi.

Kwa jamaa aliyeuliza. Chuma ni chepesi kuhamisha na mchwa hawakigusi, ila ziba mwisho wa mabomba. Mbao ni nzito, inataka maji ya moto na jua. Kunguni hawachagui, usidanganywe. Kilichonifunza mimi ni kimoja, kabla hujatoa kitu ndani muulize mwenzio kimetoka mkononi kwa nani.

Mnaotaka kuniambia "ni kitanda tu" piteni kimya kimya. Wengine niambieni mnalalia nini, na nani alikitengeneza. Na kama kuna fundi Tabora bado anafunga kwa vigingi, aandike hapa.

Salome kalala kwenye kitanda cha babu yake mara moja tu maishani, mchana mmoja, Nzega, nyumbani kwa mtu. Hatakumbuka. Nimeandika ili nije nimsomee.