Goli la Sindano na Posa Yangu ya Ipogolo

Jamani, naombeni msinicheke kabla sijamaliza, chekeni mwishoni, maana hata mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile huwa nacheka peke yangu nimeinamia gurudumu la mtu, mpaka mwenye baiskeli ananiuliza kama niko mzima. Nimepata aibu nyingi maishani (nimewahi kuanguka jukwaani nikiimba kwaya, na nimewahi kumsalimia mke wa mchungaji nikidhani ni dada yangu), lakini aibu ya Ipogolo hakuna iliyoifikia, kwa sababu hii niliitafuta kwa mdomo wangu na nikaibeba kwa mgongo wangu, na mkisikia mtajua kwamba sitanii.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi ni kijana fundi baiskeli pale Mbeya, karibu na soko. Kwangu ndipo palikuwa baraza la mpira. Mtu analeta pancha dakika kumi, anakaa mpaka jioni anabishana. Na ugomvi mkubwa wa mwaka ule ulikuwa meneja wa timu ya Tanganyika, Mzungu mmoja ambaye sisi tulimwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Sasa huyu Kofia, kabla ya kupewa timu ya nchi, alikuwa na shamba la tumbaku upande wa Iringa. Basi alipokuja kuchagua winga wa kushoto, alimwacha kijana wetu wa Mbeya, tuliyemwita Radi, mtu mwenye shuti la kuvunja mlango, akamchukua kijana mwembamba wa Iringa aitwaye Sindano. Mbeya nzima ilinuna. Mimi ndiye niliyenuna kuliko wote, nikasema mbele ya kila aliyeleta baiskeli kwamba Kofia hachagui wachezaji, anachagua majirani, na Uganda watatufunga, na Kenya watatufunga, na hata Unguja na udogo wao watatufunga.

Sasa, wakati huohuo, moyo wangu ulikuwa Iringa. Nilikuwa na mchumba, Eliza, Mhehe wa Ipogolo, ambaye nilimfahamu alipokuja Mbeya kukaa na dada yake. Tulikuwa tumeshaelewana, ikabaki wazee. Baba yangu miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo mjomba wangu Asajile akashuka kutoka Tukuyu na koti lake jeusi ili anipelekee posa. Kwa kawaida kijana hubaki nyumbani, lakini wazee wa Ipogolo walituma salamu kwamba wanataka wanione kwa macho. Basi tukapanda basi, na njia nzima vumbi na usia, vumbi na usia.

“Ukifika pale hutasema neno mpaka uulizwe,” mjomba aliniambia. “Ukiulizwa, jibu fupi. Na mpira, mwanangu, mpira uuache hukuhuku Mbeya. Baba wa binti ni mzee wa kanisa.”

“Ndaga, asante mjomba,” nikasema. “Mpira hata siukumbuki.”

(Mjomba hakujua kwamba timu ya Tanganyika ilikuwa inacheza na Uganda Jumamosi ileile tuliyopangiwa posa. Mimi nilijua tangu mwezi uliopita.)

Tulipokelewa vizuri sana. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo, unaiacha barabara kuu pale chini kwenye maduka, unapanda kinjia chenye mawe. Mzee Filipo, babake Eliza, mtu mkimya, mwembamba, alitukalisha sebuleni. Alikuwepo mwinjilisti wa kanisa lao na kina mama watano sita wa kwaya, na Eliza nilimwona mara moja tu akipita na sinia la chai macho chini. “Kamwene, kamwene,” tukasalimiana, tukanywa chai. Tatizo ni moja, mazungumzo hayakuweza kuanza. Msemaji wa ukoo wao alikuwa kaka mkubwa wa Mzee Filipo, anaitwa Mzee Yohana, fundi seremala anayekaa upande wa Kalenga, na bila yeye hakuna anayeruhusiwa kupokea posa ya binti. Alikuwa njiani, wakasema. Tukasubiri. Tukasubiri tena. Mimi nilikuwa nimevaa suti ya kuazima kwa karani wa posta, suruali imenibana mapajani hata kukaa ni kazi, na saa ya ukutani naiona inaelekea saa kumi, na saa kumi ndipo mpira unaanza.

Hapo ndipo shetani alipoketi karibu yangu. Nilikuwa nimeona, tuliposhuka kwenye basi, duka moja pale barabarani lina redio kubwa juu ya kaunta, imeunganishwa na betri ya lori. Nikajiambia, nishuke mara moja tu, nisikie kama kweli wamempanga Sindano, nirudi. Kwani huyo Mzee Yohana si bado hajafika?

Nikaomba ruhusa kwa adabu. “Samahani wazee, naomba kwenda kujisaidia.”

Nikapita nyuma ya choo, nikaruka ua wa miti, nikateremka mbio.

Pale dukani watu walikuwa wamejaa mpaka nje, redio inakohoa, mtangazaji anaenda na kurudi kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nikajipenyeza, nikasimama karibu na mzee mmoja mnene, mnene kwelikweli, kifua kama pipa, ameegemea baiskeli yake, jasho linamtoka. Wakati naingia, mtangazaji anataja majina, na alipofika kwa Sindano duka zima likapiga kelele za furaha. Nilipaswa kuondoka dakika ileile. Nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Lakini mdomo, ndugu zangu, mdomo wangu ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

“Huyo Kofia ameharibu timu,” nikasema.

Yule mzee mnene akanigeukia polepole.

“Wewe ni mtu wa wapi?”

“Mbeya.”

“Aa, Mbeya!” akawaambia wenzake. “Sasa naelewa. Huyu analilia lile jitu lao, Radi. Kijana, mpira siyo kupasua kuni. Kofia ameangalia akili.”

“Kofia ameangalia shamba lake la tumbaku,” nikajibu. “Angekuwa amelima kahawa Tukuyu, leo Radi angekuwa uwanjani. Huyo Sindano wenu ni kijiti, Mganda akikohoa tu anaanguka. Ninyi watu wa Iringa hata mkipewa mpira mpya mtaupeleka jikoni mkauchemshe.”

Wakacheka wengine, wengine wakaguna. Mzee akacheka pia lakini kwa kuuma meno. Tukaendelea hivyo, yeye anamtetea meneja, mimi namshusha, yeye anasema Uganda wana mabeki wazito kwa hiyo lazima winga mwepesi, mimi nasema wazito huvunjwa na wazito wenzao, na kusema kweli nilikuwa nafurahia, maana yule mzee alijua mpira, na mara mbili tatu alinigonga begani kama rafiki. Kuna wakati akatazama jua akasema, “Mimi nasubiriwa mahali hapo juu, lakini hawawezi kuanza bila mimi.”

“Hata mimi nasubiriwa,” nikamwambia. “Na hawawezi kuanza bila mimi.”

Tukacheka wote wawili. (Ndiyo, ninyi mmeshaelewa. Mimi sikuelewa. Mtu akiwa kwenye mpira akili inakwenda likizo.)

Ndipo nikasema lile neno. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama katikati ya duka na kunyoosha kidole juu, nikasema, “Wazee wangu, leo mnishuhudie. Sindano akifunga goli, huyu mzee nitambeba mgongoni mpaka hukohuko anakosubiriwa!”

Watu wakapiga makofi, mzee akanipa mkono, na sijamaliza kuushika vizuri, redio ikapasuka. Mtangazaji anapiga kelele, Sindano, Sindano bado, Sindano anampita beki, Sindano… halafu mkoromo mtupu, halafu neno moja tu tukalisikia wote: goli!

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka mikono inanisukuma nje, mtu amepata debe anapiga, mwingine amechukua baiskeli ya mzee anaikokota nyuma, na mzee mwenyewe anapanda mgongoni kwangu bila huruma, anasema, “Inama vizuri, kijana wa Mbeya, mimi si kijiti.” Nikainuka. Magoti yalilia. Watu wakaanza kuimba, “Beba! Beba! Sindano kafunga, Mbeya beba!” na kina mama waliokuwa wanauza ndizi wakaacha ndizi zao wakatufuata.

“Tunaelekea wapi, mzee?” nikauliza, pumzi imekatika.

“Panda hicho kinjia cha mawe.”

Nikapanda. Nikasema moyoni, kinjia hiki nakijua, lakini labda kinakwenda nyumba nyingi. Tukapita mti wa mpera. Mti ule niliuona tulipokuja. “Kushoto,” akasema mzee. Nikageuka kushoto na moyo ukaanza kunidunda, siyo kwa uzito tu. “Nyumba gani, mzee wangu?” Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

“Ile pale ya bati. Kwa mdogo wangu Filipo.”

Nilitaka kumtua. Wallahi nilitaka kumtua nikimbilie mtoni, lakini nyuma kuna kundi la watu na debe, mbele kuna ua, na nilipojaribu kuchuchumaa ili ashuke, suruali ya karani wa posta ikapasuka nyuma kutoka juu mpaka chini, prrr, na mzee akadhani nimechoka, akanishika shingo zaidi na kusema, “Kaza, tumefika!” Kundi likatusukuma ndani ya uwanja, mpaka mlangoni, mlango uko wazi.

Ndani walikuwa wamesimama wote, wamefumba macho. Walikuwa wamechoka kusubiri, kwa hiyo mwinjilisti akaamua waombe, na maneno niliyoyakuta, namuomba Mungu ayafute masikioni mwangu, yalikuwa haya: “Na ndugu yetu Yohana, Bwana, umbebe, umfikishe salama.”

“Amina,” wakasema wote, wakafumbua macho.

Debe lilinyamaza. Eliza alikuwa mlango wa jikoni, akaweka kanga mdomoni. Kina mama wa kwaya walinitazama mimi, halafu wakamtazama Mzee Yohana juu yangu, halafu mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akaiona suruali, akageuzia uso ukutani. Mjomba Asajile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama vile kosa lilikuwa la miwani.

Mzee Filipo ndiye aliyesema, taratibu sana. “Kijana. Uliomba kwenda kujisaidia.”

“Ndiyo, baba.”

“Sasa umerudi na kaka yangu.”

Mzee Yohana akateremka. Nikamsikia anavuta pumzi nyuma yangu. “Filipo,” akauliza, “usiniambie huyu ndiye yule kijana wa posa.”

“Ndiye.”

“Huyu amesema watu wa Iringa tunachemsha mpira!”

Na lile kundi mlangoni, badala ya kunyamaza kwa adabu, likajibu kwa pamoja, “Kasema! Tumemsikia!”

Posa haikusomwa siku ile. Mzee Filipo alisema kwa upole kwamba ukoo wake hauwezi kupokea maneno mazito siku yenye kelele, tukapewa chakula, nikala nimesimama na mgongo ukutani kwa sababu ya suruali, kisha tukaondoka. Kwenye basi la kurudi Mbeya mjomba alikaa kiti cha mbele, mimi akanielekeza cha nyuma kabisa. Kufika Makambako akageuka mara moja tu, akasema, “Mpira hata siukumbuki,” akageuka tena mbele.

Eliza alikaa miezi bila kuniona. Nilifikiri yamekwisha, na sikuwa na mtu wa kumlaumu, maana hata Kofia hakuwepo pale Ipogolo kunifungua mdomo. Nilipungua mpaka wateja wakasema mimi ndiye Sindano sasa. Siku moja Eliza akaja kibandani kwangu na dada yake, akasimama mbali kidogo.

“Baba mkubwa anasema njooni tena,” akasema. “Anasema mtu aliyempandisha kilima kile bila kumwangusha, hatamwangusha na mtoto wake. Ila ana sharti.”

“Lolote,” nikasema.

“Utalisikia hukohuko.”

Tulirudi. Safari hii mjomba alinifuata hata chooni. Na sharti la Mzee Yohana lilikuwa kwamba, kabla ya posa kusomwa, nisimame mbele ya ukoo, mbele ya mwinjilisti na kwaya yote, niseme kwa sauti kwamba Sindano ni winga bora Tanganyika nzima na meneja hakukosea. Nikasimama. Nikasema. Mzee akaweka mkono sikioni, “Hatujasikia,” nikasema tena kwa nguvu zaidi, kina mama wakapiga vigelegele, na Eliza akawa mke wangu.

Lakini sikilizeni kinachoniuma mpaka leo. Siku ile, wakati mimi napanda kile kinjia na Mzee Yohana mgongoni, mpira ulikuwa bado unaendelea, na Uganda walirudisha lile goli wakaongeza mengine, wakatufunga vizuri kabisa, na mwaka uliofuata Kofia akaondolewa. Yaani nilikuwa sahihi! Kila nilichokisema kuhusu yule meneja kilikuwa kweli, na sina pa kukisema, maana wakwe zangu ni wa Iringa, watoto wangu wana wajomba wa Iringa, na maneno ya kumsifu Sindano yametoka kinywani mwangu mbele ya mtumishi wa Mungu mara mbili.

Kwa hiyo mimi siku hizi kwenye mpira nasikiliza tu. Na nikisikia kijana yeyote, hata simjui, hata ni njiani, anaanza kusema, “Wakifunga goli, mimi nita…” huwa naacha spana chini, nakwenda, nambana mdomo kwa mkono huuhuu wenye grisi, simwachii mpaka timu zitoke uwanjani.